Koti na Bastola ya Marehemu

Nilitoka Kisangani juu ya lori la sabuni, nimekalia maboksi yaliyozidi kulainika kila mvua iliponyesha. Katika mji wa Komanda tulisubiri mpaka wanajeshi waliporuhusu magari yaondoke pamoja, na kutoka hapo kila bariere ya askari barabarani ilikuwa ileile: shuka, nyoosha mikono, fungua mfuko. Nilipofika Bunia mikono yangu ilikuwa ikinyooka yenyewe. Nimeishi miji mingi, na mpaka leo nikisikia lori likinguruma natamani kupanda. Lakini Bunia ndiyo inayonirudia zaidi, kwa sababu ya nyumba moja ya mtaa wa Bigo na kitu kilichokuwa ndani ya kabati lake.

Nyumba ilikuwa ya yaya, dada yangu mkubwa, na mume wake, mtu wa upande wa Mahagi aliyeuza samaki wakavu. Baba wa shemeji alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Siku ya kuondoa matanga, wazee wa ukoo walimvalisha shemeji koti la marehemu, wakamwita kwa jina la marehemu, wakamkabidhi fimbo, kiti, na bastola ambayo mzee aliiweka nyumbani tangu alipokuwa na duka katika mji wa Fataki. Ruhusa ya serikali ilikuwa imefungwa pamoja nayo ndani ya kitambaa.

"Niko nayo na karatasi yake," aliniambia akifungua kabati. "Soma jina. Iko ya nani?"

"Ya muzee."

"Na miye, ukoo wananiita nani?"

"Jina la muzee."

"Basi."

"Na hii picha ya kwenye karatasi?" nikauliza. "Weye uliota mvi lini?"

Yaya alicheka. Shemeji hakucheka. Watu walikuwa wameanza tena kuporwa kwenye barabara ya ziwani, naye alikuwa ameamua kwamba safari ijayo ataibeba chini ya koti.

Niliwahi kulinda lango la ghala Kisangani, na wenzangu wenye silaha walikuwa wakisema kwamba ruhusa ya kuiweka nyumbani siyo ruhusa ya kutembea nayo. Habari ya kurithi sikuijua. Nikaenda kwenye ofisi ya polisi, mikono mitupu, nikasema nauliza kwa niaba ya rafiki.

"Ruhusa ilikufa na mwenyewe," alisema ofisa, mtu mzima mwenye miwani. "Silaha si shamba. Familia inapaswa kuitangaza. Mtoto akiitaka, aombe upya kwa jina lake na picha yake, wachunguze tabia yake na afya yake. Na wanaweza kumukatalia."

"Basi ailete hapa?"

"Ailete na ruhusa gani? Akikamatwa njiani, siku hizi ni mahakama ya kijeshi. Alete maneno kwanza, silaha tutaifuata siye." Akavua miwani. "Huyo rafiki yako anakaa wapi?"

Nikasema mbali. Nilirudi kwa kuzunguka, nikigeuka nyuma kila mara.

Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho. "Wazee walinipa mbele ya watu," akasema. "Nikiitoa kwa polisi, wataniita nani? Weye ni mupita njia, shemeji. Huna kaburi hapa."

Asubuhi ya safari alikuwa ameshavaa koti, bastola iko kiunoni, jirani alipopita nyuma ya ua akisema kwa sauti ya chini: "Askari wamefunga barabara. Wanaingia nyumba kwa nyumba."

Shemeji akatazama choo cha shimo. Yaya akaenda kusimama mbele ya mlango wa choo.

"Wakiikuta mule, utakuwa umeificha," akasema. "Vua koti, baba watoto. Vua."

Akavua. Akaweka bastola na karatasi mezani, peupe, akatoka uani mikono juu. Nikamfuata. Buti zilikuwa zimeshafika kwenye lango.

"Mu nyumba yangu muko pistole," alisema kabla hawajauliza. "Ilikuwa ya baba. Baba amekufa."

Walitulaza mavumbini. Nilisikia kikombe kikianguka ndani, kisha sauti ya yaya, "Iko pale juu ya meza." Mkuu wao akatoka na karatasi. Akaangalia picha, akaangalia uso wa shemeji uliojaa vumbi.

"Huyu ni nani?"

"Baba yangu."

"Na weye ni nani?"

Nilidhani shemeji atataja jina alilovalishwa. Akataja lile la ubatizo, ambalo mimi nilikuwa sijalisikia tangu nifike.

Walimchukua. Yaya alipeleka chakula kila siku bila kujua kama kinamfikia. Mwishowe walikubali kwamba aliitangaza mwenyewe kabla ya kutafutwa, wakamrudisha, mashavu yamebonyea. Bastola ilibaki kwao.

Jumapili moja baada ya misa, wazee wa ukoo walifika kutoka Mahagi. Mtu aliyelikana jina la muzee mbele ya askari, walisema, hawezi kuvaa koti lake. Walikuja na mdogo wa shemeji. Shemeji alilikunja koti mwenyewe, akifunga vifungo vyote, akampa.

Hakuna aliyeniambia niondoke. Lakini mezani shemeji alikuwa akila bila kuniangalia, na usiku malori yalikuwa yakiniita.

Siku niliyoondoka, alinibebea mfuko mpaka kwenye lori. Askari wa bariere alipotukaribia, sote wawili tulikuwa tumeshanyoosha mikono. Shemeji alikuwa na shati tu, kwenye baridi ile ya asubuhi.

"Ukifika, piga simu kwa jirani," aliniambia nilipopanda. "Uliza kwa lile jina la kanisani. Lingine iko kwa mudogo wangu."