Niling'arisha injini ya Starlet, nikasahau kiti cha mama mkwe

Wakuu, habari za huko mliko.

Wale mlionifuata kwenye uzi wa swap ya injini mnanijua. Mimi ni yule jamaa wa Kitale niliyetoa 4E ya 1300 kwa Starlet nikaweka 5E ya 1500. Mlinipongeza sana. Leo sikuja na picha. Nimekuja na aibu, na nitaisema vile ilivyotokea, hata pale ambapo mtanitukana.

Baada ya swap nilitoa kiti cha nyuma ili gari iwe nyepesi. Mmoja wenu aliniuliza hapa hapa, "Na siku utabeba wazazi?" Nikamjibu na emoji ya kucheka. Mkuu, kama unasoma hii, nisamehe.

Sasa sikilizeni.

Mke wangu Nekesa ni Mbukusu. Mimi wazazi wangu walitoka Central wakahamia Trans-Nzoia kabla sijazaliwa, kwa hivyo mambo ya ukwe ya kina Nekesa nilifundishwa nikiwa mtu mzima. Kwa kifupi, mama mkwe na mkwe hawakaribiani. Hamsalimiani kwa mkono. Hamkai kiti kimoja. Yeye asikuone bila shati, na akiwa na neno na wewe atalipitishia kwa binti yake hata kama umesimama hapo unamsikia. Si chuki. Ni heshima, na mama yule ananiheshimu kuliko ninavyostahili.

Mwezi uliopita kaka yake mkubwa alifariki. Ndiye kaka pekee aliyekuwa amebaki, na ndiye aliyemlea akimbeba mgongoni baada ya mama yao kufa mapema. Mazishi yalipangwa Jumamosi, upande wa Bungoma. Mama mkwe alikuwa amekuja kliniki ya macho hapa Kitale na alikuwa amelala kwa dada yake mdogo.

Watu wa Kitale walikodi matatu ya kuondoka asubuhi. Nafasi zetu zilikuwepo, ya mama pia.

Mimi nikasema hapana, tutaenda na Starlet.

Niwaambie ukweli kwa nini. Binamu za Nekesa kule Bungoma ni watu wa magari kama sisi. Walikuwa wamenisumbua kwa simu wiki mbili, wanataka kuona hiyo 5E. Nikaona huu ndio wakati. Mtu anaomboleza, mimi nawaza boneti.

Nekesa akaniuliza, "Na kiti cha nyuma, Baba Shiro?"

Nikamwambia nitakirudisha kesho asubuhi, ni bolt chache tu.

Asubuhi nikaamka mapema kweli. Kiti kilikuwa kwa stoo, kimefunikwa na gunia. Nikakiangalia. Nikaangalia injini, ina vumbi na mafuta ya juzi. Muda ulikuwa unatosha kazi moja.

Nikaenda car wash.

Nikashika mashine ya presha mwenyewe, sikutaka mtu aniguzie injini. Mnajua distributa, ile ya kugawa moto kwa plagi, lazima uifunike na nailoni kabla ya kumwaga maji. Mimi najua, nimewahi kuandika hapa nikiwafundisha wengine. Siku hiyo nikasema nitapita hapo kwa mbali. Nikapiga sabuni, nikapiga maji, nikapaka silikoni kwa hose zote. Ikawaka mara moja. Ukweli ni kwamba ilikuwa inapendeza.

Tulipofika kwa yule dada yake, matatu ya kukodi ilikuwa imeshaondoka.

Mama mkwe akatoka na leso yake na mfuko mdogo. Nekesa akafungua mlango wa nyuma, na mama akaona bati tupu na mto wa kochi. Magoti yake hayawezi kukaa chini. Akasimama hapo kwa lango muda mrefu, akiangalia ardhi. Nikajifanya naangalia gurudumu.

Halafu akazunguka, akafungua mlango wa mbele, akakaa kando yangu.

Wakuu, sijui niwaelezeje. Huyo mama hajawahi hata kunywa chai nikiwa sebuleni. Alijifunika leso kichwani, akageukia dirisha, akajikunja mpaka akawa mdogo. Nekesa alikaa nyuma juu ya mto. Starlet ni gari ndogo. Kila nikibadilisha gia mkono wangu ulikuwa karibu na goti lake, na kila mara alikuwa analisogeza.

Alikubali hiyo yote kwa sababu moja tu. Alitaka kufika amzike kaka yake.

Tukapita Kiminini vizuri. Karibu na Kamukuywa gari ikaanza kukohoa. Nikajua papo hapo. Maji yalikuwa yameingia kwa distributa, na joto la injini likayageuza mvuke ndani ya kifuniko. Tulipopita Kamukuywa ikazima kabisa, kabla ya Misikhu, katikati ya mashamba ya mahindi.

Nikafungua boneti. Inang'aa.

Nikatafuta kitambaa kikavu, hakuna. Nikavua shati, nikapanguza kifuniko na shati. Nilipoinua kichwa nikaona mama mkwe ameshuka, amenipa mgongo, anaangalia mahindi. Hapo ndipo nikakumbuka niko kifua wazi mbele yake.

Gari ikawaka, ikaenda kidogo, ikazima tena.

Nekesa akasema, "Wacha tusimamishe matatu, si mama aende tu."

Nikasema, "Dakika tano."

Matatu ya Webuye ikapita, ina nafasi, konda ananing'inia mlangoni akituita. Nikampungia mkono aende. Ningesema nini? Gari ya 5E imeniangusha, na mama mkwe apande matatu nikimwangalia? Baada ya hapo ikapita nyingine. Nikasema tena dakika tano.

Mama mkwe akamnong'oneza Nekesa kwa Kibukusu. Nekesa akaniambia, "Anauliza kama hii gari itawaka."

Nikajibu, "Mwambie itawaka."

Akakaa kwa nyasi. Hakuuliza tena. Mimi nikadhani ametulia. Ni juzi tu Nekesa alinieleza kwamba mama kumpinga mkwe wake hadharani ni jambo ambalo hangeweza, hata angetaka. Neno langu ndilo lilimkalisha pale. Nilikuwa nachukua heshima yake nikiitumia kama ruhusa.

Nilipokubali mwishowe tusimamishe gari, zote zilikuwa zimejaa watu wa matanga. Jumamosi huku mnaijua.

Halafu simu ikaingia. Ni dada ya Nekesa, akiwa kule. Nikamsikia kwa sababu Nekesa aliweka sauti juu. "Muko wapi? Pastor anasema hawezi ngoja, iko mazishi ingine anaendea. Wanapeleka mwili kwa shimo saa hii."

Nekesa akaenda akamshikia mama simu kwa sikio. Nilisikia kwa mbali watu wakiimba. Mama mkwe alifunga macho akasikiliza mpaka wimbo ukaisha. Alimzikia kaka yake hapo kando ya barabara, kwa simu, na mimi nimeshika kifuniko cha distributa mkononi.

Baadaye jua lilikausha kila kitu na gari ikawaka kama haijawahi kuwa na shida.

Tulifika wakati watu wanakula. Mama mkwe akashuka akaenda moja kwa moja kaburini, udongo ukiwa bado mbichi. Mzee mmoja wa boma akamuuliza kwa nini amechelewa kumzika mtu wake. Nilikuwa nyuma yao kidogo. Nilifungua mdomo niseme ni mimi.

Mama akajibu kabla yangu. "Ni mimi nilichelewa kutoka. Haya magoti."

Nikafunga mdomo. Hilo ndilo linaninyima usingizi kuliko yote, kwamba nilipewa nafasi ya kunyamaza na nikaichukua.

Na binamu walikuwa wameshafungua boneti. "Bana, hii kitu ni safi. Ati uliosha leo?" Nikasema ndiyo. Walinipiga mabega. Kutoka pale ungemuona mama mkwe amepiga magoti, yale magoti mabaya, anashika udongo.

Jioni alirudi na matatu ya kukodi. Hakuniaga, na si desturi aniage, kwa hivyo hata sijui amekasirika au la.

Kiti cha nyuma nimekirudisha. Gari imekuwa nzito kidogo na sijali.

Somo langu si la distributa, hiyo mnaijua. Ni kwamba ukiwa umebeba mtu, safari ni yake, si ya gari yako. Na mtu akikunyamazia kwa heshima, usidhani amekubali.

Nimeongea na mzee mmoja wa upande wa Nekesa. Akaniambia kwa kukaa kando ya mama mkwe na kuvua shati mbele yake, kuna kondoo na leso za kupeleka, mambo yaishe. Nitapeleka.

Halafu nikamuuliza, na kwa kumkosesha kuzika, mtu hupeleka nini? Akaanza kuongea juu ya mvua.

Ndio nimekuja kuwauliza nyinyi, hasa mliooa huko. Matusi pia nitasoma.