Verna na kisanduku cheupe kisichosema kitu

"Ujumbe hauombi kumbukumbu hata chembe, Curtis! Umeshaandikwa, umekaa mle ndani unasubiri tu..."

"Unaomba, Bi Verna! Unaomba pale mwishoni, sema hutaki kuona..."

"Miaka ishirini na sita nafanya kazi hii, wewe ulikuwa unanyonya kidole..."

"Kidole nimeshaacha! Nionyeshe, acha kunipigia kelele!"

Saa mbili na nusu asubuhi, chumba kidogo juu ya duka la rangi mjini Duluth, Minnesota. Nje theluji inaanguka. Ndani, Verna Kivisto, 61, na mwenzake Curtis Boudreau, 33, hawajaugusa hata mkate wa iliki aliouoka Verna jana.

Saa sita mchana toleo jipya la programu yao linafungwa. Kiraka cha Verna, yaani marekebisho yake ya programu, kikichelewa, kitasubiri mwaka mzima. Na sheria yao haina mswalie Mtume: kiraka hakiingii bila jina la mtu wa pili aliyekikagua. Mtu wa pili ndiye huyo Curtis.

Verna ni fundi wa programu ambayo wewe huioni. Ni kama tarishi. Inabeba swali kutoka kwenye kompyuta yako, inalipeleka kwenye hifadhidata, inarudi na jibu. Mambo yakiharibika, tarishi huyo ndiye wa kukwambia kimeharibika nini.

Sasa kompyuta ikiishiwa kumbukumbu, ile nafasi yake ya kufanyia kazi, tarishi alikuwa anaomba kumbukumbu kidogo ili aandike kwamba kumbukumbu imekwisha. Ananyimwa. Ananyamaza. Wewe unabaki unatazama kisanduku cheupe.

"Ni kama mtu anazama mtoni, halafu unamwambia aende kwanza ukingoni akachukue kalamu, aandike kuwa anazama," anasema Verna.

Januari iliyopita, Lorraine Nygaard, anayepanga magari ya kuondoa theluji katika wilaya ya jirani, alikitazama kisanduku hicho kwa dakika arobaini.

"Sikuona kosa lolote, nikajua kazi inaendelea," aliwaambia kwenye simu. "Kumbe madereva saba wamekaa wanakunywa kahawa, wananingoja mimi!"

Theluji ikarundikana barabarani, basi la shule likakwama mlimani. Watoto walitoka salama, kwa sababu dereva alikuwa na mablanketi na mshumaa ndani ya buti la basi, kama kila dereva wa huku mwenye akili zake.

Verna aliposikia habari ya yale mablanketi, alisimama katikati ya jikoni, mwiko mkononi. Ujumbe wa kosa nao uwekwe akiba mapema, akawaza, siku ya jua, kabla ya dhoruba.

Curtis, mtu wa Louisiana kwenye joto, bado anacheka mambo ya buti.

"Siku ya kwanza kufungua buti la huyu mama nikakuta blanketi, mshumaa, kiberiti, koleo na chokoleti. Nikasema, basi, anamtoroka mumewe!"

"Ningemtoroka ningebeba chokoleti zaidi," anajibu Verna.

Analipwa kwa siku tatu za wiki. Ya nne anafanya bure, na mwezi Juni anastaafu. Anataka aondoke bila kuacha kisanduku cheupe hata kimoja.

"Aliyeandika kile kipande cha zamani alikuwa mpumbavu wa kupimiwa kwa kilo," anasema Curtis, akienda kuchukua kahawa. Kipande hicho ni cha kale kuliko rekodi za mradi. Hakina jina la mtu.

Mlango ukijifunga, Verna ananigeukia, anashusha sauti.

"Huyo mpumbavu ni mimi. Mwaka wangu wa pili kazini. Baba hakuniruhusu kuendesha gari hata hadi dukani bila blanketi, halafu nikaandika programu inayokwenda kununua blanketi katikati ya dhoruba! Curtis hajui. Na simwambii ng'o, atanicheka mpaka Juni."

Curtis anarudi. Jaribio linaanza. Wanainyima programu kumbukumbu pale inapoomba mara ya kwanza, wanatazama. Kisha mara ya pili. Kisha ya tatu. Hivyo hivyo, mara 1,318. Kila ikinyimwa, lazima iseme.

Inasema. Mia mbili. Mia sita. Verna anaanza kupiga mluzi.

Kwenye 907, kisanduku cheupe.

Mluzi unakatika. Curtis hacheki, anasogeza kiti chake. "Tafsiri, Bi Verna. Ujumbe umeuweka akiba kwa Kiingereza. Kabla ya kuonyeshwa unapitia kwa mtafsiri, ageuze kwa lugha ya mwenye kompyuta. Mtafsiri ndiye anayeomba kumbukumbu."

Verna anavuta kibodi karibu.

"Nimebeba mshumaa," anasema, "kiberiti nimekiacha nyumbani."

Anaandika mistari tisa. Sasa ujumbe unatafsiriwa mara tu mtu anapounganishwa na hifadhidata, wakati kumbukumbu bado ni tele, kisha unawekwa kando hivyo hivyo, tayari.

Wanaanza upya. 906. 907. 908. Inafika 1,318, na kila mara imesema: *Kumbukumbu imekwisha. Kazi yako haikufanyika.*

"Imesema!" Verna anapiga meza hadi kahawa inamwagika. "Haina kitu mfukoni, na imesema!"

Anamkatia Curtis kipande kikubwa cha mkate. "Kula. Umekula akili yangu tangu asubuhi, sasa kula hiki."

Saa tano na dakika arobaini. Curtis anatafuna huku anajaza majina. Aliyeandika: Verna Kivisto. Aliyekagua: Curtis Boudreau. Aliyeripoti: Lorraine Nygaard. Kidole kiko juu ya kitufe.

"Ngoja," anasema Verna. "Ongeza mstari mmoja."

"Mstari gani tena, mama? Watu wote wapo, hata Lorraine nimemweka!"

Verna anafuta makombo mezani kwa kiganja, taratibu, hadi yote yanaisha.

"Andika: Kosa la mwanzo, Verna Kivisto."