Amenichoma, Sikujichoma

Umewahi kuchomwa na mtu, kisha ukaambiwa umejichoma mwenyewe?

Jirani yangu, tunayemwita Dada Pasi, amenyoosha mashuka ya hoteli tangu usichana wake. Juzi msimamizi wao alikuta shuka lina mkunjo. Aliushika mkono wa Dada Pasi, akaukandamiza chini ya pasi ya moto mpaka ngozi ikaganda kwenye chuma.

Mwenye hoteli anajua Kihispania tu. Alipopita kukagua, Dada Pasi alimwonyesha kidonda, akatamka maneno aliyofundishwa na mpishi ya kusema "amenichoma": "Me quemo." Yule bwana akampa pole kwa kichwa, akaenda zake.

Msimamizi alicheka akashika mbavu. "Umejimaliza, mama! Umemwambia unajichoma!" Akamzaba kofi, damu ikamtoka puani. "Bosi akisafiri kesho, na wewe kazi huna."

Jioni Dada Pasi alibisha hodi kwangu, akanisimulia yote. Nilisoma Kihispania chuoni, na hasira zilinipanda hadi utosini.

"Neno ni lilelile, dada. Mkazo ndio umekuponza. Sisi Waswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, hata tukitukana. Ligawe: que-mo. Ukikaza *que*, unajichoma. Ukikaza *mo*, yeye ndiye aliyekuchoma: que-mó."

"KE-mo."

"Umejichoma tena."

"Mdogo wangu, mkono utaisha kabla sijakijua hiki Kihispania!"

Nikamwambia agonge meza: kidole kwa silabi ya kwanza, ngumi kwa ya pili.

"Na kupiga je?"

"Pe-gar. Pe-go, napiga. Pe-gó, alipiga."

"Huyo *gó* ndiye ninayemtaka." Akashusha ngumi, kikombe kikaruka.

Asubuhi nilimsindikiza hadi mlango wa chumba cha pasi. Mwenye hoteli alikuwa anaaga. Dada Pasi alimnyooshea msimamizi kidole: "Me quemó. Me pegó."

Mwenye hoteli akageuka, akamuuliza msimamizi kitu kwa ukali. Badala ya kujibu, msimamizi alimrukia Dada Pasi, akamkaba koo, akamgongesha kichwa ukutani. Wanawake wa pasi wakamvamia kama siafu, wakamwangusha, wakamkanyaga. Mwenye hoteli akapenya katikati yao, akainama, akachomoa funguo za hoteli kiunoni mwa msimamizi aliyelala sakafuni, kisha akamwonyesha mlango.