Salamu Iliyopigwa Risasi

Ulikuwa mwaka wa maharage. Mahindi yaliozea shambani kwa mvua, ulezi ukaliwa na ndege, maharage peke yake yakakubali. Tukala maharage asubuhi na chai, mchana na ugali kidogo, jioni yenyewe matupu. Dagaa wa Kasanga tuliwajua kwa harufu tu, wakipita juu ya lori kwenda mjini. Kanisani watu walikaa mbalimbali, na padri alifupisha mahubiri, wala hakuna aliyemuuliza sababu.

Mwaka huohuo wezi wa ng'ombe walituzidi. Mimi walinichukulia dume langu la kulimia. Askari wenye bunduki walipoletwa kijijini kwetu, huku njia ya Mpui, nilipiga vigelegele kuliko mtu yeyote. Mpaka leo sijavijutia. Mwizi ni mwizi.

Ngoja kwanza nieleze shamba letu, maana ugomvi wote umekaa hapo. Sisi Wafipa majani hatuyachomi. Tunayalaza, tunayafukia kwa udongo, tunafanya vilima vya mviringo vinavyopita magoti, shamba zima. Tunaviita ntumba. Majani yanaozea humo yanakuwa mbolea, na juu unapanda maharage. Asubuhi ya ukungu, mtu asiyevizoea anaweza kudhani jeshi limechuchumaa linamsubiri.

Askari mmoja alikuwa hajavizoea. Kijana wa pwani, mwembamba, tangu afike anatetemeka kwa baridi yetu. Nilishawahi kumpa uji, nikamwambia amwombe mkubwa wake koti.

Asubuhi moja ya ukungu nimeinama na jembe langu. Mjukuu wangu, niliyemlea mwenyewe tangu anaachishwa ziwa, sasa anaendesha bodaboda mjini, huko Milanzi, alikuja kuniletea chumvi na sabuni. Pikipiki akaiacha barabarani, akakatiza shambani kwa miguu. Nilipoinua mgongo tukaonana. Akafanya nilivyomfundisha: akachuchumaa palepale katikati ya ntumba, kichwa chini, akapiga makofi polepole. Ndivyo mkubwa anavyosalimiwa kwetu. Kijana wa mjini, miwani ya jua mfukoni, bado anamchuchumalia bibi yake kwenye tope! Nilifurahi mpaka nikachelewa kuitikia.

Nikasikia "Simama!" na mlio, vyote kwa pamoja.

Yule askari alikuwa juu kwenye njia. Aliona mtu anakatiza kwenye ukungu, akaona mtu huyo anazama ghafla, akapiga. Risasi ilimpata mjukuu wangu begani. Ingesogea kidogo tu ingekuwa shingo, na hapa ningekuwa naeleza msiba.

Nilimkuta amelala ubavu, uso umekuwa wa majivu. Nikavua kitenge nikamfunga. Akafungua jicho moja.

"Bibi, hujaitikia."

"Marahaba, mjinga wewe! Hebu nyamaza."

Askari akafika mbio, bunduki inaning'inia, analia kuliko sisi wawili. Ndiye aliyembeba miguuni, mimi kichwani, mpaka barabarani. Na hilo nalo nalisema, maana lilitokea.

Basi maneno yakaanza. Redioni watu wanapiga simu kutoka mikoa nisiyoijua, wote wanalijua shamba langu. Sokoni maharage yanapimwa kwa mabishano. Mwenye duka la mbegu, aliyehamia kutoka Mbeya, alisema, "Kwa hiyo askari asubiri akatwe panga kwanza ndipo apige?"

Mama muuza pombe akamjibu, "Na sisi tusubiri kupigwa kwanza ndipo tuulizwe majina?"

"Wewe unatetea wezi kwa sababu wanakunywa kwako!"

"Na wewe deni lako la pombe unalipa lini, mheshimiwa?"

Hayo yalinichekesha. Yaliyofuata hayakunichekesha. Mjukuu wangu alitoka hospitali mkono haunyanyuki, akaambiwa yeye ni mtuhumiwa wa wizi wa ng'ombe. Pikipiki ikashikiliwa. Mtu ambaye hata kuku wa sikukuu ananiita mimi nimkamatie!

Mtendaji wa kijiji akaja kwangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sema kilichokuleta, maharage yanaungua."

"Kesho kuna mkutano wa hadhara, mkubwa wa polisi anakuja. Wewe ndiye uliyeona. Sema tu alipoambiwa simama, alijificha. Askari anakuwa hana kosa, hakuna tena haja ya kumwita kijana mwizi, kesi ya ng'ombe inakufa, pikipiki inarudi. Wote tunapona."

Mke wa mjukuu wangu alikuwa amekaa mlangoni, mimba imemfika puani. Akasema, "Bibi, ni neno moja tu."

Nikamgeukia mwenye bega, aliyekaa kando yake. "Na wewe?"

"Mimi nataka pikipiki yangu, bibi. Lakini macho ni yako."

Kesho yake uwanja wa shule ulijaa. Mkubwa wa polisi alikuwa mtu wa adabu, alinipa kiti. Akauliza, "Mama, kijana alijificha?"

Nikasimama. "Hakujificha. Alikuwa ananisalimia mimi bibi yake, na sitasema vingine."

Mzee mmoja wa rika langu akapiga kelele kutoka nyuma, "We mwanamke! Kijana gani wa siku hizi anachuchumaa? Wangu ananiambia, 'Mambo, babu!'"

Watu wakacheka. Nikamwambia, "Huyo umemlea wewe. Huyu nimemlea mimi."

Wakacheka zaidi. Mkubwa wa polisi naye alitabasamu, kisha akasema taratibu, "Lakini kwa mbali, mama, salamu hiyo inafanana na kujificha."

"Basi ajaye huku afundishwe salamu kabla ya kupewa risasi," nikasema. "Mwizi mkimbizeni, mimi nitawaonyesha na njia za mkato. Mtu aliyechuchumaa anapiga makofi mnamuua kwa lipi?"

Hapo hawakucheka.

Msidhani mambo yaliisha vizuri. Kesi ya ng'ombe ipo, mjukuu wangu anaitwa kila mara kuripoti, anatembea kwa miguu na kuuza vocha kwa mkono mmoja. Yule askari amehamishwa, sijui wapi, natumaini kuna joto. Mtoto amezaliwa, wa kiume, ana sauti kama trekta. Mke wa mjukuu wangu ananiletea chai, haniletei maneno. Sina la kumlaumu.

Juzi mtendaji amekuja tena. Hakukaa. Alisema faili linafungwa mwezi huu, na kwamba nisiposema "alijificha" basi niseme hata "huenda", huenda tu, pikipiki itoke, mtoto ale. Mama yake mtoto alikuwa uani anaanika nepi, akasimama na nepi mkononi, ananisikiliza.

Nilimtazama yeye, sikumtazama mtendaji. Nikasema:

"Hakujificha. Alikuwa ananisalimia mimi bibi yake, na sitasema vingine."