Bembea Bado Nzima

Mzee anayeendesha bembea ya kuzunguka pale Miyuji hawashi mota kabla hajamwitikia kila mtoto shikamoo yake. Kwanza hukaza viti kwa vipande vya mpira wa baiskeli, kisha hutega sikio kwenye nguzo. Mwenye kiwanja akimuuliza kama waing'oe walete mpya, hujibu bila kugeuka, "Mpya ya nini? Hii bado nzima." Huku anaipapasa nguzo kama shingo ya ng'ombe.

Sikukuu ya Iddi, mjukuu wake alifika kutoka Kondoa na gauni jipya, akakimbilia kiti chekundu. Mzee alimshusha taratibu, akampeleka kwenye mchanga. "Wewe chezea hapa, mama." Kisha akarudi kuwafunga mikanda watoto wa watu.