Kuruka Bila Reli

Mwanafunzi wangu wa urubani alikulia Kamina, katika nyumba ya watu wa reli. Baba yake aliendesha treni hadi alipostaafu, na binti alirithi kwake imani moja: ukishaondoka, njia yenyewe itakushika.

Kwenye ndege ndogo imani hiyo ni hatari. Upepo ukivuma kutoka kushoto, wewe unageuza usukani kushoto tangu magurudumu yanapoanza kuzunguka, huku mguu wa kulia ukizuia pua ya ndege isiufuate upepo. Kasi ikipanda unaulegeza usukani kidogo kidogo, lakini huuachi. Siku moja yeye aliuacha. Alipoona pua imenyooka, alirudisha usukani katikati. Upepo ukainua bawa la kushoto, la kulia likakwangua udongo, tukaishia majanini. Hatukuumia, na bawa likatengenezwa. Sikujua kama yeye angerudi.

Alirudi, pamoja na baba yake.

"Mwalimu," mzee aliniambia, "mu treni, reli njo inakuchunga. Huku ni nani? Leo akitoka tena mu njia, atabakia nyumbani, atashona manguo. Imeisha."

"Papa, kushona sijue," binti alisema. "Ile robe nilishona ya Noeli, weye mwenyewe uliicheka."

Mzee alicheka bila kutaka.

Kabla ya kuwasha injini nilimwambia binti atazame kifuko cha upepo kwenye mlingoti, ageuze usukani upande unakotoka upepo. Tulirudia mpaka mikono ikaacha kusita. Ndipo tukaondoka.

Kabla hatujainuka, upepo ulitupiga kwa nguvu kutoka kushoto, tukaanza kusukumwa pembeni. Mkono wangu ulikuwa tayari. Sikuuhitaji: alikata gesi, injini ikapungua nguvu, akaung'ang'ania usukani upande wa upepo, akafunga breki taratibu. Tulisimama tukiwa bado ndani ya njia ya kurukia.

Tuliporudi pale tulipoanzia, mzee alikuja mbio.

"Ndege imekukatala tena?"

"Hapana, papa. Minyi njo nilikatala kuruka. Upepo ulizidi, nikafunga frein."

"Weye? Hapana mwalimu njo alifunga?"

"Ni yeye," nilisema.

Mzee alitazama magurudumu, kisha binti yake. Maisha yake yote alikuwa amefunga breki za treni zenye watu ndani. Alirudi nyuma hatua chache.

"Basi anza tena. Minyi niko hapa."

Tulingoja upepo upungue. Nilipomwuliza kama yuko tayari, macho yake yalikuwa kwenye kifuko, na usukani ulikwisha kugeuzwa kushoto.