Siku Nilisimulia Maisha ya Baba

Kwetu Vuhovi, siku ya maziko, mutoto wa kwanza njo anasimama pa kaburi kusimulia maisha ya muzazi wake. Mimi ni wa kwanza. Mimi tena njo mwenye kigugumizi. Tangu utoto mudogo wangu alikuwa ananimalizia kila neno, na nilimuchukia kwa ile, Mungu anisamehe.

Baba alipolala na ugonjwa, aliniita peke yangu. "Siku yangu, wewe njo utasema. Hapana mudogo wako."

Nikaenda Beni, kwa mama mumoja wa hospitali mwenye kusaidia batu ba kigugumizi. Akaniwekea aplikasyo mu telefone: unavaa ekuteri, unasema, na sauti yako inakurudilia mu masikio ikichelewa kidogo. Inakulazimisha kwenda polepole. Kwanza nilicheka. Halafu nikasoma ukurasa muzima wa Evanjili bila kukwama, na nikalia mbele yake bila haya.

Tangu pale, kila nilipotoka Butembo kwenye kazi, niliketi kando ya kitanda ya baba na ekuteri zangu, nikimusimulia maisha yake mwenyewe: shamba ya kahawa, vita, namna alitukimbiza akinibeba mu mugongo. Alikuwa ananisahihisha. "Hapana, ile mwaka tulikimbilia Luofu." Zile jioni zilikuwa tamu, sitadanganya.

Alikufa siku ya posho, Jumamosi. Pa kaburi nikavaa ekuteri, nikashika telefone. Shangazi, dada ya baba, akaniona.

"Yesu wangu! Unasikiliza muziki kwa maziko ya baba yako?"

Akazivuta kwa nguvu. Zikaanguka ndani ya kaburi, juu ya sanduku. Nani angeshuka kuzitafuta pale? Ningekuwa na ulimi mwepesi, ningemutukana mbele ya padri. Lakini neno la kwanza lilikwama kooni.

Mudogo wangu akafungua kinywa. "Baba yetu alizaliwa..."

Mama akamushika mukono. "Umuache. Hatuna haraka."

Nikasema. Jina ya baba peke yake ilinitoa jasho, na batoto ba jirani bakacheka mpaka bakanyamazishwa. Nilikwama, nikarudia, nikakwama tena. Nilitamka yote, hata pale nilisikia haya. Katikati nikamuangalia mudogo wangu: alikuwa analia, midomo imefungwa. Ile siku njo mara ya kwanza alinisikiliza mpaka mwisho.